Kloni za farasi kwa njia ya uhamishaji wa kiini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

1. Kloni wa farasi ni nini hasa?

Ni farasi aliyezaliwa akiwa na jenomu ya kiini, yaani seti nzima ya jeni, ileile ya farasi mwingine, aliye hai au aliyekwisha kufa. Hakuna mbegu ya dume iliyotumika kumtunga. Kibiolojia yeye na asili yake ni mapacha wa kufanana, ila mmoja amechelewa kuzaliwa, pengine kwa miaka ishirini.

Huzaliwa mdogo kama mtoto yeyote wa farasi, hunyonya, hufundishwa kuvaa hatamu, na husubiriwa miaka kadhaa kabla ya kutiwa kazini. Anayedhani maabara hutoa farasi mzima aliyekomaa ametazama sinema nyingi mno.

2. Uhamishaji wa kiini hufanyikaje?

Kiini ndicho kinachobeba kromosomu za seli; farasi ana 64. Kazi huanza kwa kukata kipande kidogo cha ngozi, mara nyingi shingoni, na kuzikuza seli zake maabarani mpaka zijae. Zinazohitajika zaidi ni fibroblasti, seli za kawaida za tishu iliyo chini ya ngozi. Sehemu yake hugandishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko zinaweza kukaa miongo mingi.

Upande wa pili linatafutwa yai la farasi jike mwingine. Likishapevuka huwekwa chini ya hadubini, na kromosomu zake hufyonzwa kwa bomba la kioo jembamba sana. Linalobaki ni yai lenye chakula na mitambo yake yote, lakini lisilo na maagizo. Seli ya ngozi hutiwa humo, ama kwa kuunganishwa kwa mshtuko wa umeme ama kwa kudungwa moja kwa moja.

Katika utungaji wa kawaida mbegu ya dume ndiyo huliamsha yai, kwa kusababisha mawimbi ya kalisi ndani yake. Hapa mbegu haipo, kwa hiyo kemikali hutumika kuigiza mwamko huo. Mambo yakienda sawa, yai huanza kugawanyika. Baada ya siku saba au nane huwa blastosisti, tufe dogo la seli linalofaa kupandikizwa, na hupitishwa kwenye mlango wa kizazi hadi katika mji wa mimba wa jike mbebaji bila upasuaji. Jike huyo lazima awe katika siku zinazofaa za mzunguko wake. Kisha ni kungoja miezi 11.

3. Seli ya ngozi inawezaje kugeuka kiinitete?

Seli ya ngozi haijapoteza jeni zozote za moyo, ubongo au kwato. Imezifunga tu kwa alama za kikemikali zilizobandikwa juu ya DNA na juu ya protini zinazoizungushia. Ndani ya yai mna protini zenye uwezo wa kuzibandua alama hizo na kuirudisha jenomu mwanzo wa safari. Mbegu ya dume nayo hufanyiwa vivyo hivyo baada ya kuingia kwenye yai, ila yenyewe imeumbwa kwa ajili hiyo.

Seli ya ngozi haikuumbwa kwa ajili hiyo, na muda wa kuisafisha ni mfupi. Alama zinazobaki mahali pasipotakiwa ndizo zinazoaminika kuwa chanzo kikuu cha mimba kutoshika na kondo la nyuma kukua vibaya. Ukilielewa hili, majibu ya 13 na 14 hayatakushangaza.

4. Nani walikuwa wa kwanza?

Dolly, yule kondoo wa Taasisi ya Roslin huko Scotland, alizaliwa Julai 1996. Jamii ya farasi ilisubiri hadi 2003. Tarehe 4 Mei mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, alizaliwa Idaho Gem. Huyu alikuwa baghala, yaani nyumbu wa punda dume na farasi jike, na seli zake zilitoka kwa kijusi. Tarehe 28 Mei, mjini Cremona, Italia, maabara ya Cesare Galli ilimpata Prometea, farasi wa kwanza kamili, wa aina ya Haflinger.

Kilichowashangaza wengi kuhusu Prometea ni mama yake. Jike aliyetoa seli za ngozi ndiye huyohuyo aliyebeba mimba, kwa hiyo alimzaa pacha wake mwenyewe. Kabla ya hapo baadhi ya watu walishuku kwamba mwili wa mama ungemkataa mtoto asiye na tofauti ya kinga na yeye. Haukumkataa.

5. Kwa nini farasi alichelewa miaka saba baada ya kondoo?

Tatizo kubwa lilikuwa mayai. Ng'ombe hudungwa homoni akapevusha mayai mengi kwa mpigo, na machinjio hutoa ovari zake kila siku. Farasi jike kwa kawaida hupevusha yai moja kwa mzunguko, homoni hizo humsaidia kidogo tu, na katika nchi nyingi hachinjwi. Tena huzaliana kwa msimu: jua likipungua wakati wa baridi, ovari zake hulala.

Pia utungishaji wa kawaida wa maabarani, wa kuweka mbegu na yai pamoja kwenye chombo, ulikuwa mgumu ajabu kwa farasi. Njia ya kuaminika ilipatikana mwaka 2022 tu, kwa kundi la Katrin Hinrichs katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Katikati ya muda huo wataalamu walidunga mbegu moja moja ndani ya yai. Mikono iliyozoea kudunga mbegu ndiyo hiyohiyo iliyofaa kudunga seli za ngozi.

## Sababu, bei na maandalizi

6. Mtu hufanya hivi kwa faida gani?

Sababu yenye mantiki zaidi, kwa maoni yangu, ni farasi waliohasiwa. Madume mengi ya michezo huhasiwa mapema ili yatulie, na ubora wao hujulikana miaka mingi baadaye, wakati hawana tena cha kurithisha. Gem Twist alishinda medali mbili za fedha za kuruka viunzi katika Olimpiki ya Seoul 1988 akiwa amehasiwa. Kloni wake, Gemini, alizaliwa 2008, na aliyemwagiza hakumtaka kwa mashindano. Alimtaka awe dume la mbegu. Kabla yake kampuni ya Ufaransa iitwayo Cryozootech ilifanya hivyo kwa Pieraz, bingwa wa dunia wa mbio za masafa marefu, ambaye kloni wake alizaliwa 2005.

Sababu ya pili ni polo, na hapo Argentina ndiyo kinara. Mchezaji Adolfo Cambiaso alimpoteza dume wake Aiken Cura baada ya kuvunjika mguu katika fainali ya Palermo, uwanja mkuu wa polo wa Buenos Aires, mwaka 2006, akaagiza seli zake zihifadhiwe. Baadaye akamgeukia jike wake mashuhuri, Cuartetera. Mwaka 2010 kloni mmoja wa Cuartetera aliuzwa mnadani Buenos Aires kwa dola 800,000, na mwaka 2016 Cambiaso alishinda ubingwa wa Palermo akibadilisha kati ya kloni sita wa jike huyohuyo. Wanatofautishwa kwa namba, mathalani Cuartetera B06. Katika polo hili lina maana ya pekee, kwa kuwa mchezaji hubadilisha farasi mara nyingi ndani ya mechi moja. Aliyezoea mwendo wa mmoja anabaki na mwendo uleule chini yake mchana kutwa.

Sababu ya tatu ni uhifadhi wa spishi, iliyoelezwa katika jibu la 19. Ya nne ni mapenzi: mtu anamlilia farasi wake. Hiyo siipingi, lakini asome kwanza jibu la 12.

7. Inagharimu kiasi gani?

Kampuni inayojulikana zaidi Marekani, ViaGen, imetangaza bei ya dola 85,000 kwa farasi mmoja. Kuhifadhi seli peke yake ni rahisi mno ukilinganisha na hapo, na ndiyo maana wamiliki wengi huishia hatua hiyo: wanaweka seli na kuahirisha uamuzi. Kumbuka kwamba baada ya bei hiyo bado kuna miaka ya malisho, kwato, mganga wa mifugo na mkufunzi kabla hujajua umepata nini.

8. Farasi wangu amekufa leo. Nimechelewa?

Pengine hapana, ila kila saa ina thamani, hasa kwenye joto. Seli za ngozi hubaki hai kwa muda baada ya moyo kusimama, na baridi ya jokofu huongeza muda huo hadi siku chache. Mwite mganga wa mifugo achukue vipande vya ngozi kwa vifaa safi, avitunze kwenye ubaridi wa kawaida wa friji, na awasiliane mara moja na maabara itakayovipokea.

Usiviweke kwenye friza. Hili hukosewa sana. Maji ndani ya seli yakiganda bila dawa ya kuzikinga hufanya vipande vya barafu vinavyozipasua. Ugandishaji wa maabara hutumia dawa hiyo na hushusha joto polepole kwa mpangilio maalumu.

9. Nina mbegu za dume zilizogandishwa. Zinatosha kumkloni?

Hazitoshi. Mbegu moja hubeba kromosomu 32, nusu ya jenomu, na kila mbegu hubeba nusu yake tofauti. Zitumie kupandishia majike.

10. Mayai na majike wabebaji hutoka wapi?

Argentina ina machinjio ya farasi, hivyo ovari hupatikana kwa wingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya nchi hiyo kuwa mbele. Kwingineko mayai hufyonzwa kutoka kwa majike hai kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha za altrasaundi. Ni kazi ya daktari mzoefu, jike akiwa amepewa dawa ya kumtuliza.

Jike mbebaji hana udugu wowote na mtoto atakayemzaa. Huchaguliwa kwa afya, umri na upole. Kwa kuwa viinitete vingi havishiki, kundi la wabebaji huwa kubwa, na wakosoaji wana haki ya kuuliza maswali hapa: anayepongezwa kwenye picha ni mtoto, lakini mzigo umebebwa na majike ambao majina yao hayatajwi popote.

## Je, atafanana na yule?

11. Rangi na mabaka vitakuwa vilevile?

Rangi ya msingi, ndiyo. Mabaka meupe ya usoni na miguuni, si lazima. Seli zinazotengeneza rangi husafiri mwilini wakati kiinitete kinakua, na umbali zinaofika hauamuliwi na jeni pekee. Kloni wawili wa farasi mmoja wanaweza kuwa na soksi za urefu tofauti. Kwa hiyo usimtambue kloni kwa alama za mwili. Mtambue kwa chipu iliyo chini ya ngozi.

12. Atakuwa na kipaji na tabia ileile?

Atakuwa na malighafi ileile. Umbo la mifupa, aina ya misuli na kiasi fulani cha hulka hurithiwa, na wachezaji wa polo wanaopanda kloni husema wanautambua mwendo. Lakini bingwa ametengenezwa pia na jike aliyembeba, maziwa, malisho ya utotoni, mkufunzi wa kwanza, majeraha aliyoyakwepa na bahati.

Kwa mwenye huzuni nasema wazi: farasi aliyekufa alikujua wewe, huyu mpya hakujui. Hatakuja mlangoni kwa sababu ya kumbukumbu. Ukimpenda, utampenda kama ndugu wa yule.

Kuna na tofauti moja ya kijenetiki. Nje ya kiini seli ina mitokondria, mitambo ya nishati yenye DNA yake ndogo ya jeni 37, na kloni huipata karibu yote kutoka kwenye yai la yule jike mwingine. Ukitaka kloni aliye sawa kila mahali, tumia yai la ndugu wa ukoo wa mama yake. Kama aliyenakiliwa ni jike, tofauti hiyo itaendelea kwa watoto wake. Akiwa dume inaishia kwake, maana mtoto hurithi mitokondria kwa mama.

## Afya

13. Ni viinitete vingapi hufikia kuzaliwa?

Vichache. Kumpata Prometea yalitengenezwa mayai 841. Kati ya hayo 22 yalifikia blastosisti, 17 yakapandikizwa kwa majike tisa, mimba nne zikashika, akazaliwa mmoja. Maabara za leo ziko mbali sana na hapo, lakini kupotea kwa mimba nyingi, hasa miezi ya mwanzo, bado ni jambo la kutarajiwa.

14. Wanaozaliwa huwa wazima?

Wengi huwa wazima. Matatizo yanayojulikana ni kitovu kinene kupita kiasi, kondo lenye kasoro, miguu ya mbele iliyopinda au kukaza kano, na udhaifu wa siku za kwanza unaomfanya mtoto asijue kunyonya. Mengi hutibika iwapo uzazi umesimamiwa karibu na hospitali ya farasi. Baadhi ya watoto hufa. Jambo moja la kutia moyo: ule ukubwa wa kupindukia unaowasumbua kloni wa ng'ombe na kondoo hauonekani sana kwa farasi.

15. Je, kloni huzeeka upesi?

Hofu hii ilitokana na Dolly, aliyekufa 2003 akiwa na miaka sita tu, baada ya kuugua uvimbe wa mapafu unaosababishwa na virusi vya kondoo. Mwaka 2016 watafiti wa Nottingham walieleza hali ya kloni wanne waliotokana na seli zilezile za Dolly. Walikuwa na miaka kati ya saba na tisa, na walizeeka kama kondoo wengine. Prometea mwenyewe alizaa mwaka 2008.

16. Watoto wa kloni nao ni kloni?

Hapana. Kloni akipandishwa na farasi mwingine, mtoto ni mtoto wa kawaida mwenye baba na mama. Alama zile za jibu la 3 husafishwa upya mbegu na mayai yanapotengenezwa, kwa hiyo kasoro zinazotokana na uhamishaji wa kiini hazitarajiwi kurithishwa.

## Mashindano, sheria na dini

17. Kloni anaruhusiwa kushindana?

Inategemea mchezo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, liliwakataza kloni mwaka 2007, kisha likaondoa katazo hilo 2012. Polo ya Argentina imewapokea kwa mikono miwili. Mbio za farasi wa Thoroughbred ziko upande wa pili kabisa: rejista zake hukubali tu mtoto aliyepatikana kwa dume kumpanda jike mwenyewe, na hata upandishaji kwa mrija haukubaliwi. Kloni hana nafasi katika uwanja wa mbio wa Ascot, Uingereza, wala wa Ngong, Nairobi.

Marekani suala hili lilifika mahakamani. Chama cha Quarter Horse, AQHA, kilikataa kuwasajili kloni, wafugaji wakashtaki 2012 na kushinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama 2013. Mahakama ya rufaa ikaugeuza uamuzi Januari 2015. Kesi ilihusu sheria ya ushindani wa kibiashara. Afya ya farasi haikuwa hoja, ingawa wengi huinukuu kana kwamba mahakama ilisema kloni ni hatari.

18. Dini zinasemaje?

Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliharamisha kumkloni binadamu, na likaruhusu mbinu hizo kwa mimea na wanyama palipo na manufaa na ndani ya mipaka ya sharia. Kwa jambo mahususi muulize shehe wako. Ghuba, kwa vyovyote, haikusita: Injaz, ngamia wa kwanza wa kloni, alizaliwa Dubai Aprili 2009.

## Maswali ya pembeni

19. Kweli farasi mwitu amefufuliwa kutoka kwenye seli za miaka 40?

Hakuna spishi iliyofufuliwa, lakini kilichofanyika ni kikubwa. Farasi wa Przewalski wa Mongolia walitoweka porini, na waliopo leo wametokana na wachache kama 12 waliokamatwa. Uhaba huo wa damu ni hatari. Mwaka 1980 seli za dume mmoja ziligandishwa na bustani ya wanyama ya San Diego, na tarehe 6 Agosti 2020 kloni wake, Kurt, alizaliwa Texas. Mwaka 2023 akazaliwa wa pili, Ollie, kutoka seli hizohizo.

Hapa ndipo teknolojia hii inapostahili gharama zake, naona. Dume yule alibeba jeni ambazo zilikuwa zimepungua sana kwa walio hai, na kloni wake wakiwapanda majike zitarudi kwenye kundi. Cuartetera wa kumi hawaongezei farasi wa polo chochote cha namna hiyo.

20. Jike wa spishi nyingine anaweza kubeba mimba?

Anaweza, spishi zikiwa karibu. Kurt alibebwa na farasi wa kufugwa, ingawa Przewalski ana kromosomu 66. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Louisville, farasi alizaa pundamilia aliyetokana na kiinitete kilichohamishwa. Ile haikuwa kloni. Pundamilia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya hana haja na haya kwa sasa. Anachokosa ni malisho na maji.

21. Kloni na farasi aliyehaririwa jeni ni kitu kimoja?

Hapana, ila wa pili hupitia mlango wa wa kwanza. Seli za ngozi hubadilishwa jeni kwanza maabarani, kisha kiini huhamishwa kama kawaida. Kampuni ya Kheiron ya Argentina ilitangaza kuzaliwa mwishoni mwa 2024 kwa farasi watano waliotokana na jike Polo Pureza, wakiwa wamehaririwa jeni ya miostatini, inayozuia ukuaji wa misuli. Chama cha polo cha Argentina, kilekile kilichozoea kloni, kikawakataa.

22. Vifaru weupe wa kaskazini, Najin na Fatu wa Ol Pejeta, wanakloniwa?

Hapana, ingawa swali lina msingi. Mayai ya Fatu hutolewa Kenya na kupelekwa kwa ndege hadi Cremona, maabara ya Galli yuleyule wa Prometea. Huko hudungwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na viinitete hugandishwa. Ni utungaji wa mama na baba. Sambamba na hilo, watafiti wanajaribu kuzigeuza seli za ngozi za vifaru waliokufa ziwe mayai na mbegu, jambo ambalo lingeleta watoto wenye mchanganyiko mpya wa jeni. Kloni angerudia tu wale waliokuwapo.